Jinsi ya kuomba nyaraka za fedha za umma London: viwanja, treni na mikataba yake

Anayeishi London hulipa kodi ya kaunsili, na sehemu ya kodi hiyo huenda kwa Meya. Kuanzia 2006 wakazi waliongezewa mzigo wa kugharimia Olimpiki ya 2012: paundi 20 kwa mwaka kwa nyumba ya daraja D (nyumba hupangwa kwa madaraja ya thamani ili kukadiria kodi hiyo). Michezo ilikwisha, gharama zikaendelea. Uwanja mkuu wa michezo hiyo, ulioko Stratford, peke yake, kuujenga na kisha kuugeuza uwe wa mpira, ulikula zaidi ya paundi milioni 700. Kwa hiyo ukiuliza fedha hizo zilikwenda wapi, huombi fadhila ya mtu. Unadai hesabu ya mali yako.

Sheria ya uhuru wa taarifa ilipitishwa 2000 na kuanza kutumika kikamilifu Januari 2005. Haibagui. Mwenye pasipoti ya Uingereza, mwanafunzi mwenye viza, hata aliyeko Mombasa au Bujumbura, wote wanaweza kuomba. Hulipi kitu, na hakuna wa kukuuliza unazitakia nini taarifa hizo.

Kabla ya kuandika, angalia kilichokwisha kutangazwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo wazi: ofisi ya Meya na Transport for London, shirika la usafiri wa jiji, hutoa orodha ya malipo yao yanayozidi paundi 250, na maamuzi ya Meya kuhusu matumizi huwekwa kwenye tovuti. Pitia pia kazi ya London Assembly, baraza la wajumbe 25 ambalo kazi yake ni kumchunguza Meya. Humhoji hadharani mara 10 kwa mwaka, na maswali na majibu yote huhifadhiwa. Ripoti za kamati zake ni hazina. Ile ya kamati ya usafiri kuhusu Crossrail, reli iliyotakiwa kufunguliwa Desemba 2018 ikafunguliwa Mei 2022, ilifuatilia nani aliambiwa nini na lini. Ukisoma ripoti kama hizo unapata kitu cha thamani kuliko vyote: majina ya nyaraka zenyewe.

Kisha chagua ofisi. Mambo ya uwanja na bustani ya Olimpiki yako kwa London Legacy Development Corporation. Treni, mabasi na ile kebo ya angani inayovuka mto Thames yako kwa Transport for London. Maamuzi ya Meya yako Greater London Authority, yaani ofisi ya Meya. Ukikosea ofisi hupotezi haki yako, unapoteza wiki kadhaa tu.

Barua yenyewe ni fupi: jina lako halisi, anwani ya kujibiwa (baruapepe inatosha) na unachotaka. Iandike kwa Kiingereza, hata kama si cha kupendeza. Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa sababu mwombaji anataka kila kitu. Ofisi hizi zinaruhusiwa kukataa ombi litakalogharimu zaidi ya paundi 450, yaani saa 18 za kazi ya kutafuta. Kwa hiyo usiandike “nataka kujua fedha zote za uwanja”. Andika: “Naomba jumla ya fedha zilizolipwa kwa kuhamisha viti vya uwanja, kwa kila mwaka wa fedha kuanzia Aprili 2022 hadi Machi 2025, pamoja na nakala ya mkataba wa kazi hiyo.” Wakisema bado ni kubwa mno, wakumbushe kwamba sheria inawataka wakusaidie kulipunguza.

Wana siku 20 za kazi kujibu, zikihesabiwa kuanzia siku inayofuata kupokelewa kwa ombi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo.

Huenda wakajibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Tafadhali usikate tamaa hapo. Mwaka 2015 vyama vya mashabiki wa mpira vilitaka kuuona mkataba wa klabu ya West Ham na uwanja wa Stratford, vikanyimwa kwa sababu hiyohiyo. Kamishna wa Taarifa, msimamizi wa sheria hii, akaamuru utolewe, wenye uwanja wakakata rufaa, wakashindwa Aprili 2016. Ndipo umma ukajua kwamba klabu ingelipa kodi ya pango ya paundi milioni 2.5 kwa mwaka, huku gharama za walinzi wa siku ya mechi, za kutunza nyasi, hata za magoli na vibendera vya kona zikibaki upande wa umma. Siri ya biashara ni lazima ipimwe dhidi ya maslahi ya umma, na kipimo hicho wewe una haki ya kukidai.

Ngazi za kupinga kukataliwa ni tatu. Kwanza omba ofisi iliyokukataa ilipitie upya jibu lake, na fanya hivyo ndani ya siku 40 za kazi. Ikishikilia msimamo, peleka malalamiko bure kwa Kamishna wa Taarifa, ofisi inayojulikana kama ICO; usikawie. Uamuzi wake ukikuangusha, una siku 28 za kwenda kwenye baraza la rufaa.

Ipo njia nyingine ambayo watu wetu wengi hawaijui. Kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, vitabu vya hesabu vya ofisi hizi hufunguliwa ili mwenye maslahi akague mikataba, ankara na stakabadhi za mwaka uliopita. Aliyesajiliwa kupiga kura anaweza hata kumhoji mkaguzi wa hesabu hizo na kuziwekea pingamizi. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wenye ruhusa ya kuishi Uingereza wanasajiliwa kama raia wa Jumuiya ya Madola. Jisajili, hata kama siasa za huku hukuzipenda.

Wakati ukingoja majibu, mwandikie mjumbe wako wa London Assembly. Wakazi wa Newham, Tower Hamlets, Barking and Dagenham na City of London wana mjumbe mmoja, wa jimbo la City and East. Mwombe ampe Meya swali la maandishi. Mpe swali moja tu, na uambatishe barua ya kukataliwa uliyopewa.