Nyumba ya Kiangazi Maine: Jinsi ya Kumpata Fundi Bomba wa Kuifunga Kabla ya Baridi na Kuifungua Mei

Nyumba nyingi za kando ya maziwa hapa Maine, Marekani, hukaliwa kuanzia Mei hadi Oktoba. Miezi mingine hazina mtu wala moto wa kuzipasha joto. Kama wewe ni mmoja wetu wa Lewiston au Portland uliyenunua nyumba ya namna hiyo, au unaitunza kwa niaba ya mwenyewe, mwongozo huu ni wako. Mimi ni fundi bomba, na ninachomsisitizia kila mteja ni hiki: kufunga (kutoa maji yote kwenye mabomba kabla ya baridi) na kufungua (kuyarudisha Mei) ni kazi moja, mpe fundi mmoja.

Sababu iko kwenye barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Barafu ikiziba bomba, maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa hukosa pa kwenda, presha inapanda, bomba linapasuka. Lakini siku hiyo huoni tone, kwa kuwa kila kitu kimeganda. Ufa unajitokeza Mei, maji yanaporudishwa, na mara nyingi uko ndani ya ukuta. Ukiwa na mafundi wawili, wa Mei atamlaumu wa Oktoba, wa Oktoba naye atamlaumu wa Mei, na gharama itabaki kwako.

Hatua ya 1: Anza kutafuta Agosti

Mbali na bahari, usiku wa kuganda unaweza kuanza mwishoni mwa Septemba. Ukingoja hadi Jumatatu ya pili ya Oktoba, sikukuu ambayo watu wengi huitumia kufunga nyumba zao, mafundi wazuri wameshajaa.

Mafundi bomba wa Maine husajiliwa na bodi ya jimbo, na leseni zao unaweza kuzikagua bure kwenye tovuti ya jimbo kwa kuandika jina. Hakikisha leseni haijaisha muda. Omba pia kuona cheti cha bima inayolipa akiharibu mali yako. Fundi wa kweli hakasiriki ukimwomba.

Hatua ya 2: Mpime kwa maswali matatu kwenye simu

"Utaanza na nini?" Jibu ninalotaka usikie ni hita ya maji: azime umeme au gesi yake kabla ya kumwaga chochote. Koili ya hita ya umeme ikiwaka bila maji huungua mara moja.

"Utatoa maji vipi?" Katika nyumba ndogo ambazo mabomba yake yamelazwa kwa mteremko, maji hutoka yenyewe ukifungua koki ya chini kabisa. Nyingi haziko hivyo. Bomba hulegea katikati, maji yanabaki kwenye bonde lake. Hapo inahitajika kompresa, mashine ya kusukuma hewa, kwa presha isiyozidi ile ya kawaida ya maji ya nyumba hiyo.

"Unatumia dawa gani ya kuzuia kuganda?" Iwe ya propilini glikoli, ambayo kwa kawaida ina rangi ya waridi na ndiyo inayofaa mabomba ya nyumba. Akikutajia ile ya radieta ya gari, agana naye. Hiyo kwa kawaida ni ethilini glikoli, nayo ni sumu.

Hatua ya 3: Andikeni vitu vyote vyenye maji

Choo na sinki hakuna anayevisahau. Vinavyosahaulika ni valvu ya mashine ya kufulia, mashine ya kuosha vyombo, kibomba chembamba cha friji ya kutengeneza barafu, bafu la nje, chujio la maji, na tenki la presha. Kama nyumba inapashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye radieta, mfumo huo uandikwe peke yake, kwa kuwa una utaratibu wake. Karatasi hiyohiyo itaje bei ya kazi zote mbili na malipo ya awamu mbili, Oktoba na Mei.

Hatua ya 4: Uwepo siku ya kufunga

Usimwachie ufunguo chini ya zulia. Tembea naye ukirekodi kwa simu, na kila valvu anayoigusa ifungwe kikaratasi chenye jina lake.

Hita ikishazimwa, anazima breka (swichi ya umeme) ya pampu ya kisima au anafunga valvu kuu. Pampu iliyozama ndani ya kisima hubaki humo, ila inayovuta maji ya ziwa lazima itolewe au imwagwe kabisa. Kisha anamwaga hita na tenki la presha, anafungua koki zote, moto na baridi, anavuta vyoo, na kupuliza upepo koki moja baada ya nyingine hadi utoke mkavu. Mwisho anamimina dawa kwenye kila kona ya bomba inayobaki na maji, chini ya sinki, bafu na choo. Koki ziachwe wazi.

Hatua ya 5: Tunza risiti

Bima nyingi za nyumba hazilipi hasara ya kuganda kwenye nyumba isiyo na mtu, isipokuwa uoneshe kuwa uliacha mfumo wa kupasha nyumba joto ukiwaka au ulimwaga maji.

Hatua ya 6: Kufungua

Fundi yuleyule arudi na karatasi ileile. Kabla ya maji, akague kwa tochi mabomba yanayoonekana, afunge koki za kumwagia, na atoe vichujio vidogo vya midomo ya koki ili uchafu usivizibe. Valvu kuu ifunguliwe robo tu, koki ya juu kabisa ikiwa wazi ili hewa itoke. Kisha mnyamaze, msikilize kuta. Sauti ya maji wakati koki zote zimefungwa na matenki yote yamejaa ni uvujaji. Funga mara moja.

Hita iwashwe tu baada ya kujaa, yaani koki ya maji moto inapotiririka bila kukohoa hewa. Acha maji yatiririke hadi rangi na povu la dawa viishe. Kama unatumia kisima, peleka sampuli maabara ipimwe bakteria, na mnywe maji ya chupa hadi majibu yatoke. Awamu ya pili mlipe koki zote zikiwa kavu kwa nje, kisha mpange tarehe ya Oktoba papo hapo.