Sakitu ya Molo na Mau Narok, Kenya: kinga haibiskasi na avokado changa

Jioni ya Januari mbingu ikitakata na upepo ukatulia, tarajia sakitu, yaani umande ulioganda. Mwagilia shina mchana. Udongo wenye maji hutunza joto la jua na kulitoa usiku. Simika vijiti vinne vinavyoupita mche shubiri moja, kisha funika kwa gunia la katani mpaka chini. Likiishia katikati, joto hutorokea pembeni. Nailoni ikigusa majani, hapo ndipo yanapoungua kwa baridi. Funua saa tatu asubuhi.

Matawi yakiwa meusi, wengi hukimbilia panga. Ngoja mvua za masika, ukwaruze gome kwa ukucha: ukiona ukijani ndani, tawi li hai. Mbolea ya CAN, yenye nitrojeni, nayo isimamishe Oktoba, maana machipukizi laini ndiyo huungua kwanza.