Kugawana maabara ya utafiti wa habari chuoni bila kupoteza kazi ya mtu

Maabara inapotumiwa na walimu, wanafunzi wa uzamili na miradi kadhaa kwa pamoja, hasara nyingi hutokea wakati wa kupokezana vifaa. Anzeni hapo.

Gaweni siku kwa zamu za saa 4, na baina ya zamu acheni dakika 30 zisizo za mtu. Hizo ni za kunakili video kutoka kadi ya kumbukumbu ya kamera hadi kwenye diski. Video ya 4K (ya ubora wa juu sana) iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kila saa. Kisoma kadi cha USB 2.0, ambacho hupitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde, huzinakili kwa dakika 25 hivi. Cha USB 3.0 kikiwa na kadi nzuri humaliza chini ya dakika 10, basi nunueni hicho kabla ya kufikiria kamera nyingine.

Kadi isifomatiwe (isifutwe na kuandaliwa upya) mpaka pawe na nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, na aliyenakili awe amecheza faili la kwanza, la katikati na la mwisho. Kuona majina kwenye folda hakutoshi: kunakili kukikatika, jina laweza kubaki na video isifunguke. Kufomati kufanywe ndani ya kamera yenyewe. Diski za kupokezana ziwe za exFAT, yaani mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, kwa kuwa mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili la kufikia gigabaiti 4, na mahojiano marefu hukwama hapo.

Folda ipewe tarehe, mradi na namba ya kamera, kamwe si jina la aliyehojiwa. Sauti na sura yake ni taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria ya mwaka 2019 nchini Kenya na ya 2022 Tanzania. Kwa hiyo kila mradi uwe na akaunti na nywila yake. Nywila moja ya maabara nzima ni kumsaliti aliyekubali kuhojiwa kwa siri.

Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, unyevu huotesha kuvu kwenye lenzi. Hifadhini lenzi katika sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na silika jeli (vipunje vya kunyonya unyevu) na kipimaunyevu, kisome kati ya asilimia 40 na 50. Betri zinazolala muda mrefu ziachwe na nusu ya chaji.

Daftari litiwe saini na wawili, anayerudisha na anayepokea, baada ya kuwasha kifaa na kurekodi sekunde 10. Anayeripoti hitilafu mwenyewe asitozwe faini. Faini hufanya watu wafiche waya uliolegea, na atakayeugundua ni mwenzao aliye katikati ya mahojiano.