Marathoni ya kusoma riwaya za dunia za kubuni, na namna ya kuzihakiki

Riwaya inayojitungia dunia yake yenyewe, yenye nchi iliyo angani, chombo kinachoruka kwenda sayari nyingine au paka anayesema, haifai kusomwa kurasa tano tano ndani ya matatu ya Kongowea. Mwandishi wa riwaya ya namna hii hukuwekea masharti ya dunia yake katika sura za mwanzo, kisha huyadai mwishoni. Ukikikokota kitabu miezi miwili, utafika mwisho sharti umeshalisahau, na utamsifu aliyevunja ahadi yake au utamlaumu aliyeitimiza. Ndiyo sababu naipenda marathoni: unakaa na kitabu saa 24, au 12, au hata 6 kama nyumba ina watoto wadogo, na masharti yote yako kichwani mpaka ukurasa wa mwisho. Na ndiyo sababu nashikilia kwamba marathoni isiyozaa tahakiki imeishia njiani.

Kazi yangu ya mchana ni makaratasi ya makontena ya bandari ya Kilindini, hapa Mombasa. Kilichoandikwa kwenye manifesti, yaani orodha ya mzigo, na kilichomo ndani ya kontena lazima vilingane, la sivyo mzigo hautoki. Riwaya nazikagua vivyo hivyo.

Siku na saa

Marathoni ya saa 24 inayojulikana zaidi duniani ilianzishwa mwaka 2007 na msomaji wa Marekani aliyejiita Dewey. Alifariki mwaka uliofuata, na wenzake wakaiendeleza kwa jina lake, kwa kawaida Aprili na Oktoba. Wote huanza dakika ile ile popote walipo. Ikiwa saa mbili asubuhi New York miezi hiyo, kwetu Mombasa ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo mwenzako wa ng'ambo anaanza akiwa na usingizi wa usiku mzima mwilini, na wewe unaanza umeshachoka nusu siku. Ukitaka kuingia humo, lala mchana huo kuanzia adhuhuri, na usione haya kulala.

Sisi wa Kibokoni tuna yetu, na inaangukia karibu saa hizo hizo: tunaanza Jumamosi tukishaswali Asri, tunamaliza Jumapili Asri. Swala ndizo zinazotugawia saa. Magharibi, Isha, Alfajiri, Adhuhuri. Kila moja inakuinua kitini, unatawadha, maji yanapita machoni na shingoni, unarudi ukiwa mtu mwingine. Wenzetu wawili Wakristo wanaokuja kusoma nasi nao hufunga vitabu wakati huo na kutembea mpaka Fort Jesus na kurudi. Bila mapumziko ya lazima, watu husoma saa nne mfululizo, kichwa kikaanza kuuma, wakaenda kulala saa tano usiku na wasirudi tena.

Ramadhani nayo ina nafasi yake. Baada ya tarawehe mpaka daku ni saa kadhaa ambazo mji mzima uko macho, na marathoni fupi inakaa humo vizuri. Kumi la mwisho sisi tunaliacha kwa ibada.

Mahali na chakula

Kaa baraza inayopata upepo, au chumba chenye feni. Weka taa ya sola iliyochajiwa, kwa sababu stima ikipotea usiku wa saa nane na huna taa, hiyo ndiyo mwisho wa marathoni yako. Kila baada ya dakika 20 hivi inua macho utazame kitu cha mbali, paa la jirani au mnara wa msikiti, uyapumzishe.

Chakula kiwe kikavu. Viazi karai na ukwaju vinapendwa na kila mtu, na vimeharibu vitabu vingi vya kuazima. Tende, korosho, kashata, mahamri yaliyopoa: hivyo ndivyo vya marathoni. Mbaazi ziliwe mezani, kitabu kikiwa mbali. Kahawa chungu ni nzuri, lakini kumbuka kafeini haitoki mwilini upesi. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo. Ukitaka kuiba usingizi wa saa mbili kabla ya Alfajiri, kikombe chako cha mwisho kiwe mara baada ya Isha.

Kitabu gani saa gani

Hapa watu hawafikirii vya kutosha. Hukusanya rundo la vitabu, wakaanza na chembamba ili wajione wamemaliza kimoja. Unene haukuambii lolote. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990, ni kijitabu ambacho ukikishika mkononi utadhani ni cha saa mbili. Kisome saa tisa usiku uone. Hakuna kisa kilichonyooka cha kukuvuta, mambo yanapita kama ndotoni, na akili iliyochoka hujidanganya kwamba imeelewa. Mzingile, kilichofuata 1991, ni hivyo hivyo. Viweke hivyo baada ya Alfajiri, umeshalala kidogo, mji bado kimya.

Alasiri ya mwanzo nafasi yake ni ya kitabu chenye masharti mengi, kwa sababu ndipo unapokumbuka vizuri. Usiku wa manane upewe safari: mtu anatoka hapa anakwenda kule, na wewe unamfuata ujue kitakachompata. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ni ya saa hizo. Dzombo amehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha angani, na anafika nchi isiyo na mnyonyaji. Mkangi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mwana wa Pwani hii, mwalimu wa chuo kikuu, na aliwahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980 bila kufikishwa mahakamani. Jambo hilo mhakiki alijue, ingawa asilitumie kama ufunguo wa kila ukurasa.

Vitabu viwili vyatosha kwa saa 24. Cha tatu kiwe karibu kwa dharura, endapo kimoja kitakushinda. Kitabu kikikushinda kiache, uandike kwenye daftari ukurasa ulioachia na sababu, maana sababu hiyo ni mbegu ya tahakiki.

Daftari

Chukua daftari la kawaida la shule, piga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Kushoto andika kile kitabu kilichosema kuhusu dunia yake: nini kinawezekana, nini hakiwezekani, nani ana uwezo na anaulipia nini. Kulia acha wazi. Kila sharti linapokuja kufanya kazi baadaye, andika upande wa kulia, mkabala wake, pamoja na namba ya ukurasa.

Nikuoneshe kwa kitabu ambacho huenda ulikisoma shuleni, Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951 wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza. Kushoto niliandika: nchi iko angani. Chini yake: nchi hutuma wajumbe nje kutafuta maarifa. Chini yake: mjumbe akirudi na maarifa, anafungwa. Sharti la tatu lilijaa upande wa kulia mapema sana, kwa sababu Karama, anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kuwataja wajumbe sita mmoja baada ya mwingine. Ukisikia habari za mjumbe wa kwanza unadhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Ukifika wa nne unajua ni desturi ya nchi, na kwamba anayeshtakiwa barazani sasa ni desturi yenyewe. Ukilalamikia kurudiarudia katika kitabu hiki, unaulalamikia mwendo wa kesi.

Sharti la kwanza ndilo lililonikalisha. Nchi kuwa angani kuna kazi gani? Kwa muda mrefu upande wa kulia ulikuwa mtupu, na nilikuwa karibu kuandika kwamba ni pambo. Kisha nikaangalia walikotumwa wajumbe: wanne kwenye pande za upepo, Ridhaa mbinguni, na Amini ardhini. Ni nchi iliyo katikati tu inayoweza kumtuma mjumbe juu na mwingine chini, na yule wa chini anakuja kwetu sisi. Sharti limelipwa. Safu ya kulia isiyojazwa ndiyo inayokulazimisha kurudi kurasa za nyuma, na huko nyuma ndiko tahakiki nzuri inakopatikana.

Kitu cha pili cha kuandika ni saa. Mwanzoni mwa kila sura, pembeni, andika saa ngapi umeianza. Ukimaliza, tazama malalamiko yako yako wapi. Yakiwa yote yamejikusanya kati ya saa nane na saa kumi usiku, mwandishi hana kosa mpaka utakaposoma sura hizo upya mchana. Hili ni suala la haki. Mtu aliyefanya kazi ya miaka asihukumiwe na macho yanayofunga.

Na maswali ya wenzako yaandike pia. Binti wa binamu yangu, yuko kidato cha tatu, tulimpa Walenisi usiku mmoja. Wakati sote tunasifu usawa wa nchi ile, aliinua kichwa akauliza, "Shangazi, na huku nani anazoa taka?" Sijasikia swali bora zaidi la kuiuliza nchi kamilifu yoyote, ya Mkangi au ya mwandishi wa kigeni. Tangu hapo ni la kwanza kwenye daftari langu: kazi chafu inafanywa na nani, na kitabu kinamuonesha au kinamficha?

Kuandika tahakiki

Lala kwanza. Tahakiki iliyoandikwa Jumapili jioni ina hasira au ina mahaba, na yote mawili ni ya usingizi. Jumatatu usiku au Jumanne panafaa. Ukipitisha wiki, daftari linakuwa la mtu usiyemjua.

Anza na sharti moja lililokushika, kisha sema kitabu kimelifanyia nini. Muhtasari wa kisa usizidi sentensi nne, na usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu. Mwisho wa mtu usiutoboe. Nukuu mstari mmoja wenye namba ya ukurasa, ili msomaji aisikie sauti ya mwandishi mwenyewe. Maneno 600 yanatosha. Usimalize kwa kutoa nyota wala alama. Sema kitabu hiki kinamfaa nani na saa gani ya usiku.

Sisi wa Mombasa tuna mtihani wetu wa peke yetu, na umekuwa mkubwa zaidi tangu 2021, ilipotoka The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwenzetu wa mji huu. Ni riwaya ya Kiingereza, na ndiyo ya kwanza kupata tuzo ya Ursula K. Le Guin, mwaka 2022. Aisha anaingia baharini kumtafuta babake mvuvi, ndani ya chombo cha mifupa, pamoja na paka msomi. Msomaji wa mbali anaanza kushangaa kwenye paka. Sisi hatushangai, tumelelewa na hadithi za viumbe vya baharini na tunajua bibi gani humwambia paka "pita, bwana" usiku. Hapo mhakiki wa Mombasa anaweza kuteleza pande mbili. Wa kwanza anakagua mitaa, hii iko na ile haiko. Wa pili anaona kila kitu ni cha nyumbani, kwa hiyo haoni kilichobuniwa. Swali la kuuliza ni moja: masharti ya bahari hii ni yale ya bibi zetu, au mwandishi ameweka yake juu ya yale? Jaza safu mbili utaona palipobadilishwa, na hapo ndipo pa kuandika, kwa sababu mhakiki wa mbali hapaoni kamwe. Kitabu kikiwa cha Kiingereza, tahakiki iandike kwa Kiswahili hata hivyo. Kuna wasomaji wengi mjini humu ambao watakifuata kitabu wakishaelezwa kwa lugha wanayoiongea siku nzima.

Kabla ya kuitoa, isome kwa sauti mbele ya mtu mmoja ambaye hajakisoma kitabu. Mimi humsomea shangazi yangu akiwa anapepeta mchele. Akiuliza "kisha ikawaje?" mara moja, basi. Akiuliza mara tatu, nimesimulia kisa badala ya kukihakiki, narudi kufuta. Asipouliza kabisa, nimemwambia mwisho au nimemchosha, na vyote viwili vinarekebishika usiku ule ule.

Ikishakuwa tayari, ichapishe au iandike kwa mkono kwenye karatasi moja, weka tarehe, ikunje uitie ndani ya jalada la nyuma. Kama kitabu ni chako, anayekiazima atakikuta na maelezo yako, akupinge upande wa pili wa karatasi. Kama ni cha maktaba, muulize kwanza mkutubi.