Dar hadi Washington na mtoto wa mwaka mmoja na nusu

Mtoto wa miezi 12 hadi 24 ndiye abiria mgumu kuliko wote. Kichanga hulala popote, wa miaka minne unaweza kumweleza jambo akalielewa. Huyu wa katikati amejua kutembea juzi tu, na kukalishwa ni tusi kwake. Mwongozo huu unafuata njia inayotumiwa na familia nyingi zenye ndugu Marekani: Dar es Salaam–Doha kama saa 6 angani, kusubiri saa 3 au 4, kisha Doha–Washington kama saa 14. Ukipitia Dubai, Istanbul au Addis Ababa hesabu zitasogea kidogo, kazi ni ileile.

Saa kwanza, tiketi baadaye

Doha na Dar zinatumia saa zilezile. Ndege nyingi za Ghuba kwenda Marekani huondoka asubuhi. Chukua ndege inayopaa Doha saa 2 asubuhi: itatua wakati mwili wa mtoto unasema saa 4 usiku, huku Washington ikiwa saa 9 alasiri (au saa 8 mchana miezi ya baridi, maana tofauti ya saa kati ya Dar na Washington hupanda kutoka 7 hadi 8). Kwa hiyo ile safari ndefu yote ni mchana wa mtoto. Atalala usingizi wake wa mchana, na usingizi mzito wa usiku utamkamata ndege ikikaribia kushuka. Hapo ndipo unapomwamsha kwa ajili ya masikio, unamfunga mkanda, kisha unamsimamisha kwenye foleni ya uhamiaji. Vilio vingi vya mwisho wa safari vinatoka hapo, wala si kwa sababu mtoto "amechoka na ndege".

Dawa yake ni kugawa usingizi mara mbili. Mlaze kama saa 7 mchana kwa saa za Dar, kama ilivyo nyumbani. Kisha anza kumlaza tena saa 12 jioni, hata kama hajasinzia: mbadilishe nguo, mpe maziwa, funika skrini, punguza maneno. Akilala saa 12 na nusu, atapata karibu saa 3 kabla ya ndege kuanza kushuka, na ataamka akiwa mtu wa kuzungumza naye. Kipande cha Dar–Doha kikiwa cha usiku, mvalishe nguo za kulalia uwanjani na usimwamshe kwa ajili ya chakula.

Angalizo la tarehe: tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24. 00:45 ya tarehe 11 ni saa 6 na dakika 45 usiku wa kuamkia tarehe 11. Uwanjani unatakiwa jioni ya tarehe 10. Kuna familia hufika siku nzima baadaye, mabegi yote yakiwa yamefungwa vizuri.

Siti

Aliye chini ya miaka 2 husafiri akipakatwa, na katika safari za kimataifa nauli yake kwa kawaida ni asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 mkiwa huko, safari ya kurudi lazima awe na siti yake. Angalia siku ya kuzaliwa kabla ya kuchagua tarehe ya kurudi.

Je, umnunulie siti kabla ya miaka 2? Kama hela ipo, ndiyo, na kama haitoshi safari nzima, basi walau kipande cha saa 14. Mtoto wa kilo 12 mapajani kwa saa 14 ni kazi ya gunia. Kama haipo, omba viti vya safu ya mbele inayotazama ukuta, ambako hufungwa kitanda kidogo cha mtoto. Uliza kikomo cha uzito na urefu: mashirika mengi huishia kilo 10 au 11, kwa hiyo mtoto wa mwaka na nusu mara nyingi hatoshei. Safu hiyo ina kasoro nyingine pia: mikono ya viti haiinuki, kwa hiyo huwezi kumlaza akipitiliza kwenye siti ya jirani, na mkoba hauruhusiwi kukaa miguuni wakati wa kupaa na kutua.

Jambo lisilosemwa kwenye kaunta mpaka uulize: kila kundi la viti lina idadi maalumu ya vinyago vya oksijeni, kwa hiyo watoto wawili wa kupakatwa kwa kawaida hawakai kundi moja. Mkiwa na pacha, mtatenganishwa kwa njia ya kupitia. Afadhali mjue mapema.

Karatasi

Pasipoti ya mtoto, viza yake, nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mzazi akisafiri peke yake, abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyothibitishwa na wakili, hasa kama jina la ukoo la mtoto halifanani na lake. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Usiikumbuke wiki ya safari.

Begi la mkononi

Hesabu pampas moja kwa kila saa 2 au 3 za safari tangu mlangoni kwenu, kisha ongeza 4. Kwa safari hii ni kama 14. Chukua za kuvuta kama chupi: meza ya kubadilishia ya chooni ni ndogo na mtoto wa umri huu hakubali kulazwa, utambadilisha akiwa amesimama. Nguo zake jozi 2, na fulana yako 1, kwa sababu anayetapikiwa ni wewe. Zilizochafuka zitie kwenye mfuko wa kitambaa usiopitisha maji.

Dawa: sharubati ya paracetamol, na kipimo kifuate uzito. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, angalau saa 4 kati ya dozi na dozi, zisizidi dozi 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12, kwa sharubati ya miligramu 120 katika mililita 5, ni mililita 5 hadi 7.5. Bebeni bomba la kupimia, vijiko vya ndegeni havina kipimo.

Kuna ushauri unaozunguka wa kumpa Piriton au dawa nyingine ya mafua ili alale. Acheni. Baadhi ya watoto huchangamka badala ya kulala, na promethazine, dawa nyingine ya mzio inayosinzisha, haipaswi kupewa aliye chini ya miaka 2, kwani inaweza kumdhoofisha pumzi. Mkiwa juu ya bahari hakuna wa kumkimbilia.

Vichezeo: vidogo 6 au 7 ambavyo hajawahi kuviona, kimoja kimoja kila saa. Tepu ya karatasi inashinda vingi vya dukani. Bandika vipande kwenye meza, yeye abandue. Video zipakuliwe nyumbani.

Chakula, na kosa la uji

Mlo wa mtoto huagizwa angalau saa 24 kabla, lakini usiutegemee: huja wakati wake, si wakati wa njaa yake. Beba viazi vitamu vilivyochemshwa, chapati iliyokatwakatwa, ndizi. Karanga, popcorn na zabibu nzima ziacheni, zinapalia.

Unga wa lishe mbichi hauivi kwa maji ya moto ya ndegeni. Wahudumu wanakupa maji ya chai, na hayo hayachemki dakika 10 kama sufuria jikoni. Uji huo utakuwa mbichi, na tumbo litachafuka katikati ya safari. Ama chukua nafaka ya watoto iliyokwishapikwa kiwandani, ya kukoroga tu, ama pika nyumbani ujaze chupa ya chai iliyotangulizwa maji ya moto. Ukishamimina kwenye kikombe, usiuache zaidi ya saa 2.

Kikomo cha mililita 100 hakiyahusu maziwa na vyakula vya mtoto kwa kiasi cha safari, ila utatakiwa kuvitoa kwenye begi vikaguliwe. Viweke juu, si chini ya pampas.

Kupaa na kutua

Kanga na mbeleko ni rafiki mkubwa uwanjani, lakini kwenye kupaa na kutua mtoto hukaa mapajani, na mashirika mengi humfunga mkanda wake mdogo uliounganishwa na wako. Usimwingize ndani ya mkanda wako mwenyewe: ndege ikisimama ghafla, uzito wako wote unamkandamiza.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka, sio kupaa, kwa sababu hewa nyuma ya kiwambo cha sikio inakuwa na shinikizo dogo kuliko ya nje, na mrija wa kulisawazisha hufunguka mtu akimeza. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Muda huo nyonyesha au mpe chupa, kidogo kidogo. Wazazi wengi humaliza maziwa yote dakika 5 za kwanza, kisha hawana kitu maumivu yanapoanza. Mtoto mwenye mafua makali au sikio linalotoa usaha aonwe na daktari kabla ya safari.

Doha

Kama kigari cha mtoto kilichukuliwa mlangoni mwa ndege Dar, uliza kabla hujapanda: kinarudishwa Doha au Washington? Mara nyingi kinakwenda mwisho wa safari. Uwanja una vigari vya kuazima na sehemu za michezo. Usimkalishe kupumzika, pumziko lake ni kukimbia. Saa 1 kabla ya kuingia lango: mlo, pampas mpya, maji kwenye chupa. Usikimbilie kupanda wanapoita familia kama mko wawili. Mmoja aingie na mabegi, mwingine abaki na mtoto akitembea mpaka mwisho.

Kufika

Matunda na nyama vilivyobaki viacheni ndegeni, forodha ya Marekani huvitaifisha na faini ipo. Kama mnaendelea mji mwingine, mizigo mnaichukua na kuikabidhi tena hapo hapo Washington, kwa hiyo mkono mmoja lazima uwe huru: mgongo ndio wa mtoto.

Usiku wa kwanza ataamka saa 8 au 9 usiku akiwa mzima kabisa, maana Dar ni asubuhi. Acha taa hafifu, mpe chakula kidogo, usiwashe simu. Mchana mtoe nje kwenye mwanga, hasa jioni, na usingizi wa mchana usizidi saa 2. Saa zake husogea kama saa moja kwa siku, hivyo panga wiki nzima kabla ya shughuli yoyote ya asubuhi, na usiku ule wa kwanza lala mapema wewe mwenyewe.