Karata za kuanzia katika poka ya dau lenye kikomo: anza na kiti chako

Kabla ya kuuliza kama karata zako ni nzuri, uliza wamebaki wangapi nyuma yako ambao hawajaamua. Mwongozo huu ni wa Texas Hold'em (poka ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na tano hufunuliwa mezani kwa wote) ya dau lenye kikomo, meza ya watu 10, dola 4 kwa 8. Raundi mbili za kwanza kila dau na kila nyongeza ni dola 4, mbili za mwisho ni dola 8. Hakuna kumwaga pesa zote mezani ili watu waogope na kuondoka. Mwenye karata kali kuliko zako atabaki, na utamlipa kidogo kidogo mpaka karata ya mwisho.

Nitaandika A kwa ree, K kwa mfalme, Q kwa malkia, J kwa ghulamu na T kwa kumi.

Hatua ya 1: Hesabu viti

Tafuta kitufe cha mgawaji, yaani kile kidude kinachoonyesha nani anahesabiwa kuwa mgawaji. Wawili wanaofuata kushoto kwake ndio wenye madau ya lazima, dogo dola 2 na kubwa dola 4. Watatu baada yao wamekaa viti vya mwanzo, watatu wengine viti vya kati, kisha kuna kiti kimoja kabla ya kitufe na kitufe chenyewe. Hivyo viwili ni viti vya mwisho. Fanya hesabu hii kabla hujainua karata zako. Ukishaona A, macho hayahesabu tena.

Hatua ya 2: Pima mkono mmoja katika viti viwili

Umepewa ree ya pao na ghulamu wa kopa: mkono, yaani karata zako mbili, wa alama tofauti. Mikono inayokuweka pabaya ni AA, KK, QQ, JJ, AK na AQ. Ukiondoa karata zako mbili, mikono hiyo hupatikana kwa namna 42 kati ya 1,225, yaani takriban asilimia 3.4 kwa kila mchezaji. Ukiwa kiti cha kwanza kabisa, watu tisa bado hawajaamua, kwa hiyo uwezekano kwamba angalau mmoja wao ameshika mkono wa namna hiyo unafika karibu asilimia 27. Wote wakitupa mpaka zamu ikakufikia kwenye kitufe, wamebaki wawili tu, na uwezekano unashuka hadi kama asilimia 7. Karata ni zilezile. Mwanzoni AJ ya alama tofauti naitupa bila huruma; kwenye kitufe naongeza dau bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 3: Viti vya mwanzo

Jozi kuanzia TT hadi AA, AK na AQ za aina yoyote, AJ na KQ zikiwa za alama moja. Basi. Na ukiingia, ingia kwa kuongeza. Wapo wanaocheza 99 hapa. Sina ugomvi nao, ila anayeanza aiache kwanza. Utatupa sana, na utachoka kutupa. Huo uchovu ndio unaowafanya watu wengi waingie na KJ na kuondoka mikono mitupu.

Hatua ya 4: Viti vya kati

Kama wote waliotangulia wametupa, juu ya orodha ya hatua ya 3 ingia pia, kwa kuongeza dau, na 99, 88, AJ na KQ za alama tofauti, na AT, KJ na QJ za alama moja.

Hatua ya 5: Viti vya mwisho

Hapa kuna hali mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza: hakuna aliyeingia. Ongeza au tupa, usifuate tu, yaani usilipe dau lililopo bila kuongeza. Jozi yoyote, A yoyote yenye mwenzake wa alama moja, KT, QT, JT, zote zinatosha kuyashambulia madau ya lazima. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza Cepheus, programu iliyoutatua karibu kabisa mchezo huu wa watu wawili wenye kikomo. Ikishika kitufe, karibu kila mara huongeza au hutupa. Kufuata tu ni nadra mno. Ilibainika pia kwamba mwenye kitufe ana faida.

Ya pili: wameingia watatu au wanne kwa kufuata tu. Sasa 55 au 87 ya alama moja inafaa kufuata kwa bei ndogo. Jozi yako itapata karata ya tatu katika zile tatu za kwanza za mezani takriban mara 1 kati ya 8.5, hivyo unahitaji watu wengi wa kukulipa. Dhidi ya mtu mmoja, 55 ile ile hailipi hivyo.

Hatua ya 6: Mtu akishaongeza mbele yako

Rudi nyuma. Aliyeongeza kutoka viti vya mwanzo ametumia orodha ya hatua ya 3, kwa hiyo KQ na AJ zako za alama tofauti zinakwenda kapuni. Mkono unaostahili kubaki kwa kawaida unastahili pia kuongezwa tena: TT kwenda juu, AK, na AQ ya alama moja.

Hatua ya 7: Ukiwa na dau la lazima

Mwenye kitufe ameongeza hadi dola 8, mwenye dau dogo ametupa. Wewe mwenye dau kubwa unalipa dola 4 zaidi, na katikati tayari kuna 14. Ukishinda kidogo zaidi ya mara 1 kati ya 5 hujapata hasara, kwa hiyo K9, Q8 ya alama moja na jozi zote zinabaki. Kumbuka tu kwamba raundi zote tatu zijazo utaanza kuamua wewe.

Dau dogo ni habari nyingine. Umeweka 2, unaombwa 6, na mwenye dau kubwa bado yuko nyuma yako. Ongeza tena au tupa.