Ekseli ya bagi ikianza kugonga kwenye kona

Wenzangu wenye bagi za viti viwili, vile vigari vya wazi vya njia mbovu tunazopanda nazo Ngong wikendi: ukikata kona usikie ka-ka-ka kwenye gurudumu la mbele, usingoje. Chuchumaa uangalie raba inayofunika jointi ya nje ya ekseli, ile ya upande wa gurudumu. Ikiwa imepasuka na grisi imerukia rimu kwa ndani, mchanga umeshaingia, na grisi mpya haitaponya chuma kilicholika.

Kabla ya kuifunga ekseli ya spea, iwe umeinunua Kirinyaga Road, Nairobi, au umeagiza nje, ilaze kando ya ile ya zamani. Pima urefu, hesabu meno ya ncha zote mbili. Ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani.

Kuitoa ile ya zamani, tafadhali usichokoe difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) kwa bisibisi. Utachana sili na oili ianze kuvuja. Shika jointi ya ndani yenyewe, ile ya upande wa difu, si chuma cha katikati, uivute mara moja kwa nguvu, imenyooka. Inashikiliwa na kipete chembamba cha waya tu. Kwenye ekseli mpya weka kipete kipya, kipake grisi kikae katikati, sukuma mpaka usikie "tak". Kisha ivute kidogo kwa mkono: ikitoka, haikuwa imeingia. Nati ya habu ikaze kwa spana ya kipimo, na kotapini, ile pini inayozuia nati isifunguke, iwe mpya.